Jinsi ya Kuifikisha Laini Ngumu ya Besi kwenye Kasi Yake Halisi

Wanaojifunza gitaa la besi huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: laini (mfululizo wa noti za besi katika wimbo) naiweza polepole, lakini wimbo ukianza vidole vinafungamana, nifanye nini? Wengine wamekaa na laini hiyohiyo kwa majuma kadhaa, wakiipandisha metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo kwa mlio) kidogo kidogo kila jioni, na bado wanakwama palepale walipokwama siku ya kwanza. Nimeandika mwongozo huu ili jibu lote liwe mahali pamoja, kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata besi ikiwa mapajani.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba laini ngumu mara chache huwa ngumu yote. Ugumu hukaa kwenye viungo viwili au vitatu, yaani mahali ambapo noti moja inaipisha nyingine kwa kuvuka uzi, kuruka uzi au kuhamisha mkono, na mtu asiyevitafuta viungo hivyo huishia kurudia mara mia noti ambazo tayari anazijua.

Nikisema mkono wa kushoto ninamaanisha mkono unaobonyeza nyuzi kwenye freti, yaani vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya besi, na mkono wa kulia ni ule unaopiga nyuzi. Kama unapiga kwa shoto, geuza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Besi iliyotuniwa sawasawa: E, A, D, G kuanzia uzi mnene. Tuni kila unapoketi, hata kama jana ilikuwa sawa.
- Nyuzi zisizokaa juu mno. Pima kwenye freti ya 12: nafasi kati ya uzi na freti ikiwa milimita 2 hadi 3, besi nyingi hupigika bila taabu. Ikizidi sana hapo, mpelekee fundi kwanza, kwa maana utakuwa unapigana na chombo badala ya kujifunza.
- Metronomu, ya kawaida au programu ya simu.
- Programu inayoweza kupunguza kasi ya wimbo bila kubadilisha sauti yake, na kuipandisha sauti hiyo ukitaka.
- Hedifoni za waya. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo unatosha kukuvuruga unapojaribu kuilinganisha noti yako na mlio wa metronomu.
- Simu ya kujirekodia, pamoja na karatasi na penseli.
- Amplifaya, hata ndogo. Anayefanya mazoezi bila amplifaya huzoea kupiga nyuzi kwa nguvu ili ajisikie, na nguvu hiyo ndiyo inayoua kasi.

Hatua

1. Isikilize mpaka uweze kuiimba.

Usiiguse besi bado. Cheza kipande chenye laini hiyo mara kwa mara na uiimbe kwa mdomo, "du-du-ka-du", pamoja na noti zake bubu, yaani zile zinazosikika kama mgoto tu bila sauti kamili, na pamoja na kimya chake. Ukishindwa kuiimba kwa kasi yake, vidole navyo vitashindwa, kwa kuwa havina kitu cha kufuata. Kama besi imefunikwa na vyombo vingine, tumia programu kuupandisha wimbo oktavu moja nzima, yaani hadi noti zilezile za juu yake. Noti za chini ambazo zilikuwa zikinguruma tu zitasikika kama gitaa la kawaida, na utazitambua moja moja. Mimi huanza na njia hii kabla ya kupunguza kasi, kwa sababu besi iliyopunguzwa kasi bila kupandishwa huwa kama ukungu.

2. Iandike kwa robo za pigo.

Ligawe kila pigo katika robo nne, uzihesabu "ta-ka-ta-ka", kisha uandike kinachotokea katika kila robo, ikiwemo robo ya kimya. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Ni laini ya mapigo manne inayojirudia, katika A ndogo (A minor), kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika:

Pigo la 1: A (uzi wa E, freti ya 5), A tena, noti bubu kwenye uzi huohuo, A ya juu (uzi wa D, freti ya 7).
Pigo la 2: kimya, G (uzi wa D, freti ya 5), E (uzi wa A, freti ya 7), noti bubu kwenye uzi wa A.
Pigo la 3: D (uzi wa A, freti ya 5), E (uzi wa A, freti ya 7), G (uzi wa D, freti ya 5), A (uzi wa D, freti ya 7).
Pigo la 4: C (uzi wa G, freti ya 5), A (uzi wa D, freti ya 7), G (uzi wa D, freti ya 5), E (uzi wa A, freti ya 7).

Kwa kasi ya 120, robo hizo ni nane kwa kila sekunde. Ndiyo maana hakuna nafasi ya kuamua kidole gani kitumike wakati laini inaendelea: uamuzi wote lazima uwe umefanyika kabla.

3. Amua vidole vya mkono wa kushoto na uviandike.

Katika mfano wetu, kidole cha shahada kinashika freti ya 5 na kidole cha pete kinashika freti ya 7, mwanzo mpaka mwisho, na mkono hauhami. Tatizo limejificha kwenye kidole cha shahada, ambacho katika mapigo ya 3 na 4 kinatakiwa kiwe kwenye uzi wa A, kisha D, kisha G, kisha kirudi D, na hatimaye kiende E. Anayekiinua na kukitua upya kila mara atachelewa. Kilaze kidole hicho kikiwa bapa juu ya nyuzi tatu za A, D na G, halafu uzito wake uubiringishe kutoka uzi mmoja hadi mwingine bila kukiondoa, ukilegeza uzi unaouacha ili usiendelee kulia. Faida nyingine ya kukilaza ni kwamba nyuzi zisizohitajika zinanyamazishwa na kidole hichohicho.

Laini yako ikiwa karibu na kichwa cha besi, kwenye freti za 1 hadi 4 ambako nafasi ni pana, usijilazimishe kuweka kidole kimoja kwa kila freti. Tumia shahada, kidole cha kati na cha mwisho, huku kidole cha pete kikikisaidia cha mwisho kubonyeza. Mkono utahama kidogo zaidi, lakini hautakuwa umenyooshwa hadi kukakamaa.

Onyo: vidole vinavyoonekana vizuri polepole vinaweza kuwa haviwezekani kwa kasi. Kabla ya kuandika uamuzi wako, jaribu noti tatu au nne tu kwa kasi kamili, hata zikitoka chafu. Ukiona mkono unaruka au kiwiko kinapanda, tafuta mpangilio mwingine sasa hivi, kabla misuli haijauzoea ule mbaya.

4. Amua vidole vya mkono wa kulia, noti kwa noti.

Hapa ndipo wengi hupotelea, na hapa ndipo nakuomba ukae zaidi kuliko mahali pengine popote. Mtu hutumia saa nzima akifikiria freti, lakini ukimuuliza noti ya kumi na tatu anaipiga kwa kidole gani cha kulia hajui, na ukimtazama unakuta kila mzunguko anaipiga tofauti. Mkono wa kulia usio na mpango hauwezi kwenda kasi, kwa maana kila mara unajifunza laini mpya.

Kanuni ya msingi ni mbili. Kwanza, unapobaki kwenye uzi mmoja au unapopanda kwenda uzi mwembamba, badilishana kidole cha shahada na cha kati bila kukosea. Pili, unaposhuka kutoka uzi mwembamba kwenda mnene ulio jirani, acha kidole kilekile kilichopiga kiburuzike na kuupiga uzi unaofuata, kwa kuwa tayari kimeshatua juu yake.

Sasa itazame laini yetu. Ukianza na shahada, pigo la 1 ni shahada, kati, shahada, kati. Pigo la 2 ni kimya, shahada kwenye G, shahada ileile inaburuzika kupiga E, kisha kati kwenye noti bubu. Pigo la 3 ni shahada, kati, shahada, kati. Pigo la 4 ni shahada kwenye C, shahada inaburuzika kwenye A, kati kwenye G, kati inaburuzika kwenye E. Na laini inaporudi mwanzo, unashuka tena kutoka uzi wa A kwenda uzi wa E, kwa hiyo kanuni inataka kidole cha kati kiburuzike mara nyingine. Tazama kilichotokea: mzunguko wa kwanza ulianza na shahada, wa pili unaanza na kidole cha kati, na kuanzia hapo kila kidole kimegeuka.

Wanafunzi wengi hupiga mzunguko wa kwanza vizuri na kuanguka kwenye wa pili, wakadhani wamechoka. Hawajachoka, vidole vimebadilishana kazi bila wao kujua. Suluhisho ninalolipendelea ni kuivunja kanuni mahali hapo pamoja tu: usiburuze kwenye noti ya kwanza ya mzunguko, ianze na shahada kila mara. Weka alama ya penseli hapo. Laini yoyote inayojirudia unayojifunza, hesabu vidole vya kulia mpaka uone mzunguko wa pili unaanza na kidole gani.

Vidole viwili si sheria. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit miaka ya 1960, alitumia kidole cha shahada peke yake, na laini zake bado zinawatoa watu jasho. Ukitumia kimoja, viwili, vitatu au kipande cha plastiki, mpango uwe mmoja tu na usibadilike.

5. Vitafute viungo vigumu.

Piga laini nzima mara tano kwa kasi ya wastani huku ukijirekodi, kisha sikiliza na utie duara kila mahali ambapo noti imechelewa, imefifia au imetoa mlio wa pembeni. Duara zikiangukia mahali palepale mara tatu kati ya tano, hicho ni kiungo. Katika mfano wetu nategemea viwili: mruko kutoka uzi wa E hadi uzi wa D mwishoni mwa pigo la 1, unaopita juu ya uzi wa A, na mshuko wa C, A, G, E katika pigo la 4. Tia duara kwenye nafasi iliyo kati ya noti mbili, kwa kuwa kosa hutokea njiani. Noti yenyewe haina hatia.

6. Fanyia kazi kiungo peke yake, kifupi na kwa kasi kamili.

Chukua noti mbili za kiungo tu. Weka metronomu kwenye 120, yaani kasi halisi, upige noti hizo mbili kwa kasi yake, kisha unyamaze kwa mapigo matatu mazima huku ukilegeza mikono kabisa. Zikitoka safi mara kumi mfululizo, ongeza noti moja mbele yake, kisha nyingine, mpaka ufike noti tano au sita. Karibu kila mtu anaweza kupiga noti mbili kwa kasi yoyote ile. Kazi yako ni kuurefusha uwezo huo bila kuubadilisha umbo.

Sababu ya kutoanzia polepole peke yake ni kwamba mwendo wa polepole na mwendo wa kasi si mwendo mmoja. Polepole, kidole kina muda wa kuinuka juu, kusubiri na kushuka, nawe unajifunza kukiinua juu. Niliwahi kukaa karibu mwezi mzima nikiulaumu mkono wangu wa kushoto kwa laini moja, nikabadilisha vidole vyake mara nne, hadi siku niliposimamisha simu mbele ya mkono wa kulia na kujirekodi. Kidole cha kati, kila kilipomaliza kupiga, kilikuwa kinaruka juu kama sentimita tatu hewani kabla ya kurudi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima siku zote.

Kwa mruko wa kutoka E hadi D, lipeleke gumba pamoja na vidole: mara shahada inapopiga noti bubu, gumba lishuke lilalie uzi wa E na kuugusa ule wa A pia, ili kidole cha kati kitue kwenye D huku nyuzi mbili za nyuma zikiwa kimya. Ukiliacha gumba juu ya pikapu (kipande kinachonasa mtetemo wa nyuzi), utaruka vizuri lakini uzi wa E utaendelea kunguruma chini ya A yako ya juu.

7. Unganisha kutoka nyuma.

Piga pigo la 4 peke yake na umalizie kwenye noti ya kwanza ya mzunguko unaofuata. Likikaa, anzia pigo la 3, kisha la 2, kisha la 1. Ukijenga hivi, kila unapoendelea mbele unaingia mahali unapopafahamu zaidi, badala ya kuwa na mwanzo mzuri na mwisho wa kubahatisha. Usisahau ile noti ya kutua; kipande kisichotua kwenye pigo linalofuata huacha kiungo kingine kipya ambacho hujakifanyia kazi.

8. Sasa panda na metronomu.

Anzia kwenye 72, ambayo ni asilimia 60 ya 120. Mizunguko minne safi mfululizo, panda 4. Ukikosea mara mbili katika kasi moja, shuka 8 na usibishane nayo. Safi maana yake ni kila noti iwe na urefu unaostahili, noti bubu zisikike, na robo ya kimya iwe kimya kweli. Endelea kupita 120 hadi kama 126, ili siku ya kupiga na wenzako kasi halisi ikuachie nafasi ya kupumua.

Keti kwa dakika 15, pumzika, rudi tena. Vipindi vitatu vya namna hiyo ni bora kuliko saa moja ya kukaza meno. Kesho yake anzia chini kidogo ya pale ulipoishia. Usishangae ikianza kwa ugumu, kwani mikono baridi huhitaji dakika chache.

9. Ipunguze metronomu usaidiwe kidogo.

Laini ikikaa kwenye 120, weka metronomu kwenye 60 na uihesabu milio yake kuwa pigo la 2 na la 4. Baadaye weka 30, mlio mmoja tu kwa mzunguko mzima. Ukifika kwenye mlio ukiwa umewahi, basi unakimbia, na mara nyingi unakimbia mahali palipo na kimya, kwa sababu mtu huogopa kusubiri. Baada ya hapo piga pamoja na wimbo wenyewe.

Makosa ya kujihadhari nayo

Kupiga kwa nguvu zaidi kasi inapopanda ni kosa la kwanza. Ongeza sauti ya amplifaya na upige kwa wepesi zaidi. Kosa la pili ni kuibana shingo ya besi kwa gumba la kushoto. Jipime kwa kupiga mzunguko mmoja gumba likiwa limeachia shingo kabisa, na kama noti bado zinatoka, basi nguvu uliyokuwa unaitumia nyuma haikuhitajika. La tatu ni kuanza upya kila unapokosea, jambo linalokufanya kuwa bingwa wa pigo la 1.

Na hili lichukulie kwa uzito: ukisikia maumivu makali, ganzi au mchomo kwenye kifundo cha mkono au kwenye vidole, acha papo hapo. Kifundo kiwe karibu na kunyooka katika mikono yote miwili. Wa kulia hasa hupindika kwa kulalia ukingo wa besi. Fupisha au refusha mkanda mpaka besi ikae mahali palepale ukiwa umeketi na ukiwa umesimama. Maumivu yakirudi siku baada ya siku, muone mtaalamu wa afya kabla ya kuendelea.

Ikigoma

Unakwama kwenye kasi fulani na haipandi. Rudi hatua ya 5 ujirekodi kwenye kasi hiyo. Kwa kawaida kuna kiungo kimoja kilichobaki, au kidole kimoja cha kulia kinachobadilika bila mpango. Kulazimisha kasi ipande hakusaidii.

Noti zote zipo lakini laini haina mwendo. Tazama urefu wa noti. Jaribu kuzikata noti mapema kwa kulegeza kidole cha kushoto bila kukiondoa kwenye uzi, kisha linganisha na rekodi. Noti bubu zikiwa na nguvu sawa na noti kamili, zipunguze.

Kuna mlio wa ziada kila unapovuka uzi. Nyamazisha nyuzi zote kwa mkono wa kushoto na upige laini kwa mkono wa kulia tu, kisha uongeze uzi mmoja mmoja mpaka uone ni upi unaoponyoka. Mara nyingi ni uzi mnene ambao gumba halijaufikia.

Unaiweza ukiwa umeketi lakini si ukiwa umesimama. Mkanda ni mrefu mno, na pembe ya kifundo cha kushoto imebadilika. Upandishe.

Unaiweza peke yako lakini inakutoka ukipiga na ngoma. Mwombe mpiga ngoma apige kwa 100 mizunguko kumi, huku ukilisikiliza dramu la mguu tu na kuilinganisha nalo noti ya kwanza ya kila mzunguko. Noti nyingine zikikosewa kwa muda, ziache zipite, ilimradi ya kwanza inatua pamoja naye.